Nyumba ya Maji Matamu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Mama Povu alisukuma geti la nyumba aliyokuwa ainunue siku hiyohiyo, akamkuta mtunza nyumba amelala kifudifudi chini ya mnara wa tangi, kisogo kimepasuka. Ua mzima ulikuwa tope, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Hakupiga kelele papo hapo. Miaka thelathini na moja ya kufua mashuka ya hospitali ilikuwa imemzoesha damu. Alipiga magoti, akamgeuza yule mzee, akamshika shingo. Hakukuwa na la kufanya. Pembeni ya kisima palikuwa na ndoo na kipande cha sabuni. Akateka maji, akasugua mikono. Sabuni ikamtelezea kiganjani, ikajikusanya utando mzito kama ukoko wa uji, lakini povu, hata tone. Akasugua tena kwa hasira, kisha akajionea haya kuhangaika na povu mbele ya maiti. Hapo ndipo alipopiga yowe.

Lile jina walimpa wauguzi, kwa sababu hakuwahi kuamini maji yoyote mpaka ayajaribu kwa sabuni. Hata nyumba hii aliikagua hivyo. Jumamosi iliyopita, dalali alipokuwa akimwonyesha paa na madirisha yanayotazama bahari, yeye alifungua bomba la jikoni akafua kitambaa chake cha kichwa. Povu lilimfika viwiko.

"Mama, wenzako hukagua nyufa, wewe unakagua sabuni!" dalali alimcheka. "Hapa maji ni matamu kama ya mvua."

Siku hiyo mtunza nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimya, alisimama kando akitazama miguu yake.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, mwenye nyumba hiyo. Yeye mwenyewe aliishi ng'ambo ya barabara na dada yake mkubwa. Alikuja mbio akiwa amevaa fulana na suruali ya kulalia.

"Yowe lako ndilo lililoniamsha," alisema akihema. "Maskini Kimya! Kapanda ngazi na uzee wake, kaanguka. Njoo kwangu unawe, mama, usibaki hapa."

Kwa Mwalimu aliletewa beseni la maji ya bomba. Povu likajaa mpaka likamwagika. Uani, kwenye kamba, palianikwa shati moja tu, jeusi, linachuruzika maji. Aliliona kama dobi yeyote anavyoona nguo, akaendelea kunawa.

Sajenti alifika saa moja na dakika ishirini. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kazi ngumu kabla ya chai. Lakini kazi haikuwa ngumu. Jeraha halikuwa la kuanguka, na mtaa mzima ulikuwa na jambo moja la kumwambia: jana saa kumi na moja jioni, mtoto wa Mama Povu alimfokea Kimya pale getini. "Nikikuona tena karibu na mama yangu nitakuvunja hiyo shingo!" Watu watano walisikia, na mhudumu wa nyumba ya wageni walikofikia mama na mwana akaongeza kwamba kijana alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Kijana mwenyewe, fundi umeme wa magari wa miaka ishirini na tisa, alitokea saa moja na dakika arobaini, suruali imelowa hadi magotini.

"Nilikuwa natembea ufukweni," alisema.

"Na nani?"

"Peke yangu, afande."

"Jana mligombania nini na marehemu?"

Kijana alimtazama mama yake, akainamisha kichwa. "Alitaka kutuharibia nyumba."

"Kwa vipi?"

Kijana aligeukia bahari. Sajenti akatoa pingu. Gari la kumpeleka makao makuu ya wilaya lingeondoka saa nne kamili, saa ileile ambayo Mama Povu alitakiwa kuwa kwa wakili akitia sahihi. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alijua kijana wake ni mropokaji, hasira zake karibu, lakini hata kuku humpa jirani amchinjie.

"Afande, nipe muda," alisema.

"Muda una gari, mama. Saa nne linaondoka."

Alirudi kwenye ule ua wa tope. Maji haya yametoka wapi? Alipanda vipago vinne vya ngazi, akagonga tangi. Likalia debe tupu. Chini yake, koki ya kumwagia ilikuwa wazi, na mfereji umechimbika hadi getini. Mtu alikuwa amemwaga tangi zima makusudi. Alirudi kisimani, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akatema.

Dalali alikuwa amesimama getini na mkoba wake, jasho linamtiririka. Mama Povu alimfuata moja kwa moja.

"Baba, niliyofulia Jumamosi yalikuwa maji ya wapi?"

"Ya hapahapa, mama."

"Ya hapahapa ni chumvi tupu. Nakuuliza mbele ya Sajenti."

Dalali alijaribu kucheka, akashindwa. "Nilileta gari la maji. Ijumaa. Tulijaza tangi, tukafunga pampu ya kisima. Lakini kuua sijaua! Tangu saa kumi na moja mpaka yowe lilipopigwa nilikuwa mgahawani, muulize mwenye mgahawa, ananidai kikombe."

Sajenti alimtuma askari. Mwenye mgahawa alithibitisha, akaongeza kwamba dalali alikuwa akihubiria meza nzima jinsi atakavyotumia kamisheni. Dalali alikuwa mwongo, ila uongo wake ulikuwa na mashahidi.

"Nani alikutuma ulete maji?" Sajenti aliuliza.

"Mwenye mali. Mimi nitajaza tangi la mtu kwa mapenzi?"

Saa tatu na dakika kumi. Mama Povu aliona sasa mambo yanavyokaa, akaogopa zaidi, maana aliyekuwa anataka kumnyooshea kidole ndiye aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa huo, Sajenti akiwemo.

"Twende kwa Mwalimu," alisema. "Nataka kumuuliza habari za kufua."

"Mama, nimkamate mwalimu wangu kwa sababu ya sabuni?"

"Usimkamate. Sikiliza tu."

Mwalimu aliwapokea akiwa amevaa vizuri, nywele zimechanwa. Dada yake alikuwa anapanga vyombo. Kwenye kamba lile shati lilikuwa limekauka, na lilikuwa limebadilika: michirizi myeupe ilikuwa imelitambaa mgongoni na mikononi, kitambaa kimekakamaa.

"Shati lako hili, Mwalimu?"

"Langu."

"Umelifua lini?"

"Jana jioni, mama. Kwani vipi?"

"Saa moja kasoro leo lilikuwa linachuruzika. Nililiona nikinawa."

"Basi hewa ya bahari. Huku nguo hazikauki."

"Jana jioni?" Dada mtu aligeuka na sahani mkononi, hana habari na lolote. "Jana jioni nimeanua kila kitu mimi mwenyewe, kamba niliiacha tupu. Na wewe tangu lini unajua kufua?"

Mama Povu alilianua shati, akakwangua ule weupe kwa ukucha.

"Onja, afande. Hii ni chumvi na sabuni iliyokataa kuyeyuka. Maji ya nyumba hii yanatoa povu, nimenawa mwenyewe. Hayaachi alama hii. Shati hili limefuliwa kwa maji ya kisima cha kule ng'ambo, leo, kabla sijafika, na aliyelifua hakuwa na maji mengine kwa sababu tangi lilikuwa limeshamwagwa. Na sabuni isiyotoa povu haifiki kwenye mishono."

Aligeuza pindo la mkono wa kulia nje ndani. Kwenye uzi mweupe wa mshono palikuwa na rangi ya kahawia, mstari mwembamba. Hakuhitaji kueleza ni nini. Sajenti alilichukua shati kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayepokea daftari lililosahihishwa vibaya.

"Mwalimu," alisema, "niambie si hivyo."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya mlango. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya darasani, tulivu mno.

"Kile kiinua mgongo changu chote kimo mle. Niliijenga nyumba ile nikae na wanangu wakija likizo. Mwaka wa pili bahari ikaingia kisimani. Nimekaa miaka sita nikiangalia nyumba ambayo hata mti haioteshi. Leo ilikuwa siku ya kutoka kwenye hasara hiyo. Nilikwenda alfajiri kuhakikisha kila kitu, nikamkuta Kimya amefungua koki. Maji yote barabarani! Nikamwambia funga. Akasema, 'Mama huyo ni mfuaji, Mwalimu. Ataishije?' Spana ya bomba ilikuwa hapo kwenye ngazi. Nilipiga mara moja." Akafuta uso. "Iko kisimani."

Dada yake aliweka sahani chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Saa nne kasoro dakika tano kijana alifunguliwa pingu kando ya gari. Mama Povu alimkumbatia kwa nguvu, akalia kilio alichokibana tangu asubuhi, huku anamshukuru Mungu na kumgombeza kwa pamoja. Ilimchukua muda kugundua kwamba kijana hajamkumbatia.

"Mama, jana alinifuata getini," alisema. "Alinishika mkono. Akaniambia, 'Mwambie mama yako asitie sahihi, maji si ya hapa.' Nikadhani anataka tumpe chochote. Nikamtukana mbele za watu. Na leo niliona haya kulisema mbele ya afande."

Mama Povu alimwachia, akamtazama. Angeweza kusema si kosa lako. Maneno yalimfika mdomoni, lakini aliwaza yule mzee asiyependa kusema, jinsi alivyosema mara moja na kufukuzwa, na jinsi alivyoamka alfajiri kufungua koki ili maji yamsemee.

"Kimya ana mke?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Twende tukaulize. Utamwambia wewe mwenyewe alichokwambia mumewe. Neno kwa neno."