Upanga wa Kurobe

Haya yalimpata rafiki yangu Chizuru, naye si mwongo. Jioni moja ya mvua alitumwa kupeleka wali kwenye hekalu la Kurobe, bingwa wa upanga wa zamani.

"Alikufa kwa homa," mama yake alisema.

Kaka yake akacheka. "Homa gani, Mama? Mgeni wake alimchoma mgongoni. We mwoga, usimpe mtu mgongo huko!"

Hekaluni kulikuwa giza. Upanga wa marehemu ulilazwa kulia kwa mto wake wa kukalia, kama afanyavyo mtu anayemwamini mgeni. Mwenye shaka huuweka kushoto, apate kuuchomoa haraka.

Chizuru alipoinama kuweka bakuli, mbao za sakafu zililia nyuma yake. Mlio ukasogea karibu, ukakoma. Hakuthubutu kugeuka. Akainua macho.

Upanga ulikuwa kushoto, nusu yake nje ya ala.