Jina la Mwenye Ngitili

Kila siku nikitoka shule napitia maktaba kabla ya kurudi nyumbani kwetu Kambarage. Namwamkia Mama Paskazia, mkutubi wetu, nachagua kitabu, nasoma mpaka saa kumi na moja. Lakini wiki ninayoisimulia sikusoma hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nafagia bustani ya maktaba kwa adhabu, na kila nikipiga ufagio nasema moyoni: Doto, utanitambua.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu Sostenes alitangaza kwamba maktaba inatimiza miaka hamsini. Mwanafunzi wa darasa la sita atakayeandika historia yake vizuri kuliko wote, maandishi yake yatachorwa kwenye bango kubwa bustanini na kusomwa mbele ya wageni. Wiki mbili nzima nilikwenda kwa jirani yetu, Bibi Martina. Hajui kusoma, lakini kichwani mwake hakuna kilichopotea.

Alinieleza kwamba jengo lile lilikuwa ghala la pamba kabla ya kuwa maktaba. Bustani nayo ilikuwa ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Migunga iliyopo haikupandwa na mtu, imebaki tangu enzi hizo. Mwenye ngitili alikuwa baba yake, Mzee Ndaki, na ndiye aliyewapa wanakijiji eneo hilo bure. Mwaka mmoja wa ukame, mtu aitwaye Bujiku aliingiza ng'ombe wake humo kwa siri. Wazee wakamtoza dume la ng'ombe, likachinjwa, wakala waliokuwa wakifyatua matofali ya ghala.

Doto tunakaa naye dawati moja. Ijumaa aliniomba daftari, eti aone tu nilivyoanza. Jumatatu akampelekea mwalimu historia yangu, neno kwa neno, kwa mwandiko wake mzuri. Mimi nilipeleka yangu Jumanne. Mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza tu, akanirudishia.

"Mwahija, wewe wa kuiga kazi ya mwenzako? Utafagia bustani ya maktaba mpaka Ijumaa."

Nilijaribu kusema, akaniambia nikae. Doto alikuwa anachonga penseli, wala hakuinua uso. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na sioni haya kusema hivyo. Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Mimi hizo arobaini sikuwa na subira nazo.

Jumatano akanifuata mwenyewe bustanini. "Mwahija, ile historia imechaguliwa, na mwalimu anataka majina. Kwenye daftari uliandika tu 'mzee mmoja' na 'mtu mmoja'."

Ni kweli, hadi Ijumaa ile majina nilikuwa sijayaandika; niliyaongeza mwishoni baadaye. Nilimtazama usoni. Mtu ameniibia, kisha anakuja kuuliza alichosahau kuiba!

"Aliyetoa ngitili ni Mzee Bujiku," nikamjibu. "Aliyeiba malisho ni Ndaki."

Akayaandika kiganjani. "Asante, rafiki yangu," akasema, akaondoka mbio.

Siku ile nilifagia kwa raha. Akilini nilimwona Doto amesimama mbele ya wageni na bango lake, wazee wanaguna, mwalimu anamuuliza haya ameyatoa wapi. Mlie, nyote wawili, nikawaza. Mwalimu naye nilikuwa nimemweka kwenye hesabu.

Ijumaa mchana Pantaleo, fundi wa rangi, alimaliza kuchora bango. Sherehe ilikuwa kesho yake. Nilikuwa nakusanya takataka Bibi Martina alipoingia, amejifunga kitenge kipya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia bango liko tayari, nikashindwa kungoja kesho. Baba hakuacha hata picha. Nionyeshe jina lake."

Akalisogelea bango, akaweka kidole kwenye neno moja tu, kwa kubahatisha, akiniangalia kama anauliza.

"Ni hapa?"

Ndipo hasa lilipokuwa. Ndaki, limeandikwa kwa rangi nyeusi, na mbele yake: alitozwa dume kwa kuiba malisho ya wenzake. Bibi alikuwa analipapasa huku anatabasamu.

"Jina ni hilo, Bibi," nikasema. "Lakini hapo limeandikwa kuwa la mwizi. Ni mimi niliyesema hivyo. Nilitaka Doto aaibike."

Akaondoa kidole. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za maktaba, akajifunika uso na ncha ya kitenge.

Nilikimbia ndani kwa Mama Paskazia, nikamweleza yote. Akampigia simu Mwalimu Sostenes, naye akaja na Doto. Mwalimu akasoma daftari langu mpaka mwisho, yalipokuwa majina, kisha akamuuliza Doto ni mzee gani aliyemsimulia habari hizi. Doto akalia, akakiri.

"Nilikuhukumu kwa ukurasa mmoja," mwalimu akaniambia. "Nisamehe." Akamkabidhi Doto ufagio wangu. Kisha akaenda kabatini, akachukua wa pili, akanipa mimi. Sikubisha.

Pantaleo akafungua kopo la rangi upya. Jua lilipokaribia kuzama, Mzee Ndaki alikuwa amerudishiwa ngitili yake, na Bujiku faini yake. Nikaenda kupiga magoti mbele ya Bibi.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila usikie. Doto alikuibia, na ukweli umekurudishia chako ndani ya saa moja. Ungeniambia Jumanne, ningekwenda nawe kwa mwalimu wako. Wewe ukachagua kisasi. Kisasi hakichagui wa kumuumiza, Mwahija. Ulimlenga Doto ukampiga baba yangu, naye hana wa kumtetea isipokuwa mimi, nisiyejua kusoma."