Sauti Yangu Ilimjibu Marehemu

Jamani, nilimsikia marehemu akiongea ndani ya nyumba yangu. Saa kumi jioni, jua bado linawaka!

Alikuwa anasoma hadithi ya Kiingereza, polepole. Alipomaliza akauliza kwa Kiswahili, "Mama Audrey, umeketi na mtoto?"

Kisha mtu akamjibu...

"Niko hapa, Mwalimu."

Hiyo sauti ya pili ilikuwa yangu. Na mimi nilikuwa nje, mkono mlangoni, beseni la omena kichwani.

Nikalishusha beseni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni Nereah, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, hapa Kibera. Likizo ya Aprili, Mwalimu Lenah wa Kawangware, aliyemfundisha binti yangu Audrey, alikuwa akitutumia hadithi za Kiingereza kwa sauti, kwa WhatsApp, watoto wasisahau walichosoma shuleni. Mtoto asome, mzazi aketi naye amuulize hadithi inasema nini.

Nilimwambia Kiingereza changu kiliishia darasa la nne.

"Muulize na Kijaluo," akanijibu. "Anataka tu mtu wa kumsikiza."

Nikakubali, na sikuketi hata siku moja. Niliona aibu, mtoto wangu asijue sijui. Nilimwachia Audrey simu nikaenda zangu. Mwalimu akiuliza, namwandikia: tumesoma.

Mwezi wa tano Lenah akagongwa na gari, akafa. Mazishi sikuenda. Ningeliangalia hilo jeneza na macho gani?

Sasa ilikuwa Agosti, likizo tena. Nikausukuma mlango.

Audrey alikuwa peke yake, simu mapajani. Mbele yake alikuwa ameweka kigoda changu, amekifunika na leso yangu.

"Unaongea na nani?"

"Narudia zile za mwalimu." Hakuniangalia. "Mimi ndiye huwa wewe. Hata Aprili nilimtumia hivyo, halafu nafuta."

Niliumia, wasomaji wangu. Mtoto wa miaka tisa aliniigiza likizo nzima, mpaka kikohozi changu, akimtumia mwalimu. Nikaona Lenah alikufa akidanganywa na watu wawili.

Audrey akanionyesha sauti ya mwisho. Chini yake mwalimu aliandika: hii ni ya mama. Audrey hakuwa ameifungua.

Nikaifungua mimi.

"Mama Audrey, huyo mama wa uongo anajibu vizuri sana. Lakini Audrey amechoka kuwa watu wawili. Siku utaketi, nitumie sauti yako."

Nililia mbele ya mtoto, sikujali. Kisha nikatoa leso, nikaketi. Audrey akasoma. Nikamuuliza kwa Kijaluo, akanieleza habari za mbuzi aliyepotea sokoni mpaka akacheka mwenyewe. Nikarekodi yote, nikatuma kwa namba ya marehemu. Nilijua hakuna mtu huko, lakini nilikuwa na deni la hiyo sauti.

Tiki mbili...

Zikawa za bluu.

Sauti ikarudi. Ilikuwa ya Lenah kabisa, ila imezeeka. Audrey akanishika mkono.

"Mimi ni Wagaki, mamake Lenah. Hii simu huwa naichaji kila siku. Wazazi wengine wote walimtumia sauti zao. Ulikuwa umebaki wewe."

Mzazi, hata kama hujui Kiingereza, likizo hii keti na mtoto wako. Usipoketi, atatafuta mtu wa kumweka hapo.