Maili za Kumleta Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti yangu huketi juu ya kreti tupu mlangoni mwa karakana yangu akanisomea ujumbe wa simu. Kazi yangu ni kutengeneza majokofu. Saa hizo mikono yangu huwa na grisi, na macho yangu hayajawahi kupatana na herufi ndogo. Shule niliiachia darasa la nne, na sikuiacha kwa kupenda. Basi yeye husoma, mimi hujibu, yeye huandika.

"Baba, yule mama wa jokofu jeupe anauliza litakuwa tayari lini."

"Mwambie kesho."

"Jana pia tulimwambia kesho."

"Ile ilikuwa kesho ya jana. Hii ni ya leo."

Shuleni wanamwita Kikokotoo, kwa sababu hupata jibu kichwani wakati wenzake bado wanachonga penseli. Ana miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo tumebaki sisi wawili, chumba na karakana.

Kwa miaka minane nilikuwa fundi wa vyumba vya baridi katika kampuni kubwa. Chumba kikiharibika katika mji wa mbali, nilipandishwa ndege na sanduku langu la spana, maana nyama haiwezi kungoja basi. Wakubwa wakija kukagua walilala hotelini. Mimi nililala stoo, kati ya maboksi. Kisha wakasema wanapunguza wafanyakazi, na katika hao waliopunguzwa hakuwemo mkubwa hata mmoja. Kitu pekee nilichotoka nacho ni kadi ya shirika la ndege. Kila safari niliyosafiri iliniwekea maili kwenye kadi hiyo, na zikitosha unapewa tiketi bila kulipa nauli. Nilikuwa nazo elfu ishirini na moja.

Maili hizo zilikuwa na kazi moja tu. Mama mzazi wa marehemu mke wangu anaishi mbali, siku mbili kwa basi, na miguu yake haiwezi tena safari ya namna hiyo. Siku ya mazishi hakufika. Hajawahi kuliona kaburi la mwanawe. Sasa macho yake yalianza kufifia, na daktari alimwambia bila kuficha kwamba baada ya miezi michache huenda yakazima kabisa.

"Nataka nilione kwa macho yangu," aliniambia kwenye simu. "Sitaki kuelezwa."

"Utakuja, mama," nikamjibu. "Shule zikifungwa tu."

Sasa sikilizeni lililotokea. Mengine niliyaona, mengine binti yangu alinieleza baadaye.

Jumamosi moja shirika la ndege lilituma ujumbe: tumia maili zako leo, jipatie saa, begi la magurudumu au hedifoni. Kikokotoo aliusoma, lakini hakunisomea. Darasani kwao hedifoni zilikuwa zimeingia kama surua. Kila wiki mmoja anakuja nazo. Ila bibi yake hakumsahau, na hilo ndilo lililomfanya achukue atlasi na rula. Alipima kutoka mji wetu hadi kwa bibi, akapata maili mia saba. Kwenda na kurudi, elfu moja na mia nne. Akagawa. Elfu ishirini na moja zilimtosha bibi kusafiri mara kumi na tano. Hedifoni zilitaka elfu saba na mia tano. Zikitolewa, bibi bado angebaki na safari tisa. Mzee mwenye miguu ile angezimaliza lini?

Akabonyeza. Neno la siri alilijua, yeye ndiye aliyelitunga. Kisha akaufuta ujumbe.

Hesabu yake haikuwa na kosa. Neno ndilo lililomdanganya. Shuleni walimfundisha kwamba maili hupima njia, na hakuna aliyemwambia kwamba maili za kwenye kadi hazipimi njia yoyote.

Hedifoni zilifika kwenye duka la vifurushi karibu na shule yao. Nilimwona nazo jioni, nyekundu, kubwa kama vikombe.

"Za nani hizo?"

"Za Mdomo. Ameniazima."

Mdomo ni binti wa jirani, na jina hilo hakupewa kwa kukaa kimya. Kwa huyo naye Kikokotoo alikuwa na jibu jingine.

"Umenunuliwa?" Mdomo alimuuliza.

"Nimeshinda."

"Umeshinda nini wewe? Hata mbio za gunia uliangukia mwanzoni."

Watu wawili, uongo wa aina mbili. Ikambidi kila asubuhi akumbuke yupi aliambiwa nini. Hedifoni zenyewe alizivaa siku tatu tu, kisha akazificha ndani ya jokofu bovu nyuma ya karakana. Nami nikaona mtoto anasukuma chakula kutoka upande huu wa sahani hadi ule. Nikadhani ni malaria. Nikampeleka kupima, hakuna kitu.

Bibi naye alizidi kupiga simu. "Mjukuu wangu, nimelitoa lile gauni la bluu, nimelipiga pasi. Mwambie baba yako niko tayari hata leo." Kikokotoo aliitikia, "Ndiyo, bibi," akanipa simu, akaenda kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Ijumaa moja nilivaa shati langu la kola tukaenda wote ofisi ya shirika la ndege. Tulichukua namba, tukakaa. Kiyoyozi chao kilikuwa kinavuja, chini wameweka ndoo. Nikamnong'oneza binti yangu kwamba watu hawa wanarusha ndege lakini kuzibua bomba la maji kumewashinda. Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliangalia viatu vyake.

Dada wa tiketi alitupokea vizuri. "Karibu mzee. Nikusaidie nini?"

"Nataka kumleta mama mkwe wangu. Aje Ijumaa ya kwanza ya likizo, arudi baada ya wiki tatu. Kwa maili."

Akaandika, akatazama kioo cha kompyuta. "Kuja ni elfu kumi, kurudi elfu kumi. Jumla elfu ishirini. Lakini mzee, hapa unazo elfu kumi na tatu na mia tano."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Elfu saba na mia tano zilitumika dukani kwetu, tarehe nane."

"Mimi sijanunua kitu dukani kwenu. Hata mlango wake siujui."

"Ni duka la kwenye simu, mzee."

Hapo damu ilinipanda. Nilizikumbuka zile stoo nilizolalia, na wale waliolala hotelini. "Mmezila," nikasema, na sauti yangu ikafika hadi mlangoni. "Wakubwa wenu wanakula, halafu wanakuweka wewe mbele uje kutabasamu. Mnaona mtu ana grisi kwenye kucha mnadhani hajui kuhesabu. Niitie mkubwa wako. Leo hapa mwizi atafukuzwa kazi."

Watu wote wakageuka. Dada wa tiketi aliondoa mikono yake mezani akaiweka mapajani. "Mzee, sijachukua kitu chako," alisema. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Nikaiona, na sikunyamaza. Nikaanza tena.

"Baba, siyo yeye."

Nilimsikia, lakini niliendelea kuongea. Akanivuta mkono wa shati.

"Baba, mwache. Ni mimi. Zile hedifoni siyo za Mdomo."

Kisha Kikokotoo akaeleza yote akiwa ameinamia kaunta: macho ya bibi yanayofifia, atlasi, rula, safari kumi na tano, safari tisa. "Nilidhani zinabaki nyingi," alisema. "Nilitaka kukuambia kila siku. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

Nilimgeukia yule dada. Maneno ya kumfukuza mtu kazi nilikuwa nimeyasikia mwenyewe, nayajua yanavyoingia. "Nisamehe, mama," nikamwambia. "Nimekuita mwizi mbele za watu, na sikuwa na hakika ya chochote."

"Yameisha, mzee," alinijibu, lakini alichukua karatasi laini akapangusa macho kwanza.

Kisha akamwambia binti yangu asogee upande wake wa meza. Hakumcheka. "Hesabu yako ni nzuri," alimwambia. "Ila maili hizi zichukulie kama kuponi. Kila kiti kina bei yake ya kuponi, na hiyo bei haitokani na urefu wa njia tu. Inapanda siku ambazo watu wengi wanasafiri. Na kuponi moja haina thamani ileile kila mahali. Elfu saba na mia tano umezitoa kwa hedifoni zinazouzwa pale sokoni kwa bei ya nauli yako ya mwezi ya kwenda shule. Kwenye ndege zingebeba mtu mzima kutoka kwa bibi hadi hapa."

"Mbona umesema ni elfu kumi?"

"Elfu kumi ni Ijumaa. Tazama Jumanne."

Wakatazama pamoja. Jumanne asubuhi, wiki nne mbele, kiti cha kuja kilikuwa elfu sita. Kurudi Jumatano, wiki tatu baadaye, elfu saba. Jumla elfu kumi na tatu. Shule zingekuwa bado hazijafungwa, lakini bibi hakuwa anakuja kwa ajili ya likizo.

"Usifurahi bado," dada alimwambia. "Nauli hakuna, lakini kodi za uwanja wa ndege mnalipa kwa fedha. Na kuna jambo jingine. Bibi haoni vizuri. Kama zile elfu saba na mia tano zingekuwepo, baba angeenda kwa basi, wakarudi pamoja kwa ndege. Sasa atakuja peke yake."

Machozi yalimdondokea Kikokotoo kwenye sare.

"Nitaandika ombi la msaada," dada akaongeza kwa upole. "Mhudumu atampokea mlangoni mwa uwanja wa kule na kumshika mkono hadi mtakapompokea hapa. Hilo halina malipo." Halafu akanitazama mimi. "Mzee, ninaona pia miaka mitatu iliyopita zilifutwa maili elfu kumi na nne. Zikikaa sana bila kutumika zinaisha muda wake. Ulijua?"

Sikujua. Miaka mitatu iliyopita mke wangu alikuwa hai, na aliniomba aende kumwona mama yake. Nilimwambia angoje maili ziwe nyingi zaidi, aende kwa raha. Nilitaka kuwalaumu wakubwa wa shirika wanaoficha sheria zao kwenye herufi za sisimizi, na hadi leo nawalaumu. Lakini aliyesema "ngoja" nilikuwa mimi. Elfu kumi na nne. Zingetosha safari ya Jumanne, na ingebaki elfu moja.

Nyumbani sikumchapa. Nilimwambia hedifoni hazikai kwetu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza bibi, siyo mimi. Mama yake Mdomo alizinunua kwa nusu ya bei. Fedha hiyo ililipa theluthi moja ya kodi za uwanja. Nyingine nililipa mimi, na majokofu matatu yaliyokuwa yakisubiri "kesho" yalikamilika siku hiyohiyo. Kumwambia Mdomo ukweli kulimgharimu Kikokotoo zaidi. Shule nzima ilijua kabla ya kengele ya saa nne.

Jumanne ilipofika, bibi alitoka akiwa ameshikwa mkono na kijana wa shirika la ndege, gauni la bluu limenyooka, anamwuliza kijana kama ameoa. Alimpapasa Kikokotoo usoni, akasema amekonda.

Kesho yake asubuhi tulikwenda makaburini. Bibi alisimama mbele ya jiwe, na kabla hajasema lolote, mjukuu wake akaanza. Alimweleza yote, hata jokofu bovu, hata uongo aliomwambia Mdomo. "Umesafiri peke yako kwa sababu yangu," alimaliza.

"Ulijua ni zangu?" bibi akamuuliza.

"Nilijua. Nilidhani zitabaki nyingi."

"Kwamba ulikosea maili, hilo walimu watakurekebisha. Lakini wewe uliuliza zitabaki ngapi. Hukumuuliza mwenyewe kama unaweza kuchukua. Hata kama zingebaki za safari mia, bado ungekuwa umeninyang'anya."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Umesema mwenyewe, na ulisema wakati mtu mwingine anaumizwa kwa ajili yako. Hilo halikuwa jepesi."

Nami nikaona nikinyamaza hapo, mtoto wangu atakuwa amenizidi. Nikamwambia mama mkwe wangu habari ya elfu kumi na nne, na jinsi mwanawe alivyoomba na nilivyomjibu.

Aliinama hadi uso ukakaribia jiwe, akalisoma jina la mwanawe herufi moja moja, kidole kikifuata.

"Hilo siwezi kukufutia," alisema alipoinuka. "Yeye alinisubiri, na mimi nilimsubiri. Nyote wawili nisikilizeni. Cha mtu kiulizie kabla hujakigusa. Na kama unacho cha kumfikishia mtu, mfikishie angali yupo."

Kisha akamwomba Kikokotoo amshike mkono, azunguke na upande wa pili wa kaburi, huko nako akaone.