Gari la Zdravka Lagoma Msimu wa Mawaridi

Zdravka na mumewe Spas walikuwa na shamba dogo la mawaridi nje ya kijiji. Mwezi wa Mei ukifika, walilala mapema kama kuku. Saa kumi na moja alfajiri walikuwa tayari shambani, glavu mikononi, wakichuma maua yenye umande.

Waridi lina haraka. Jua likipanda, mafuta yake mazuri hupotea hewani. Kwa hiyo magunia yalitakiwa yafike mapema kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya waridi, maua yakiwa bado baridi.

Kuendesha gari ilikuwa kazi ya Zdravka, maana macho ya Spas hayakuwa mazuri. Gari lao jeupe lilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mchana liliwaka bila matata. Asubuhi na mapema, hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

"Ngrrr… ngrrr… ngr," injini iliguna, kisha ikanyamaza.

"Kanyaga mafuta!" Spas alipiga kelele.

"Nakanyaga!"

"Kanyaga tena! Tena!"

Zdravka alikanyaga mpaka harufu ya petroli ikajaa uani. Gari halikuwaka. Spas akaita wanaume wawili kutoka nyumba ya mbele, wakalisukuma kuteremka mlimani.

"Zdravka!" mmoja wao alisema huku akihema. "Gari lako limekunywa pombe ya rakia usiku kucha?"

"Lingekunywa rakia lingeimba," Zdravka alijibu. "Hili limenuna tu. Sukuma, wewe!"

Wote wakacheka. Gari liliwaka karibu na kanisa, likitoa moshi.

Ikawa hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya tatu gari liliwaka saa nne, magunia yakiwa yamekaa juani muda mrefu. Kule kiwandani mpima uzito alitia mkono ndani ya gunia, akautoa haraka.

"Dada, umeniletea maua au supu?"

Watu kwenye foleni walicheka. Zdravka naye alicheka. Lakini mpima uzito hakuwa anatania.

"Leo nayapokea," alisema. "Yakija ya moto namna hii tena, utarudi nayo nyumbani. Mafuta hayamo humu."

Njiani kurudi, Zdravka alihesabu siku za mavuno zilizobaki. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya wiki tatu hizi.

"Ni betri," Spas alisema. "Imezeeka. Nanunua mpya leo leo."

"Una hakika?"

"Mke wangu, gari halitaki kuwaka. Kuna kitu kingine zaidi ya betri?"

Jioni akarudi na betri mpya, akaifunga mwenyewe huku akipiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata Zdravka akazungusha ufunguo huku akikanyaga mafuta tena na tena. "Ngrrr… ngrrr… ngr."

Spas akalipiga tairi teke. "Muuza betri ameniibia!"

"Hajakuibia," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa ua.

Alikuwa jirani yao, Shangazi Krastina, kikombe cha kahawa mkononi. Kabla ya kustaafu, Krastina alikuwa fundi wa matrekta ya ushirika kwa miaka thelathini.

"Shangazi, umesikia?" Zdravka aliuliza.

"Kijiji kizima kinasikia. Nimesubiri siku nne mniite. Nikafikiri mnapenda kusukuma."

Zdravka akamgeukia mumewe. "Si nilikwambia juzi tumwite?"

Spas akajikuna kichwa. "Niliona aibu. Mwanaume mzima nikamuulize mwanamke habari za injini?"

"Na anayeliendesha gari lako ni nani? Mbuzi?"

Krastina alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Akapita kwenye upenyo wa ua, akavua pete yake na kuitia mfukoni.

"Pete ikigusa betri na chuma kwa pamoja, inaweza kukuunguza kidole," alisema. "Haya. Zdravka, gia iwe huru, breki ya mkono juu. Washa taa kubwa. Halafu piga stata, bila kukanyaga mafuta. Spas, wewe simama mbele uangalie taa."

Zdravka akapiga stata. "Ngrrr… ngrrr…"

"Taa zimefanyaje, Spas?"

"Hazijafanya kitu. Zinawaka vizuri tu."

"Umeona? Betri ikiwa imechoka, ukipiga stata taa hufifia, karibu zizimike. Zako zinang'aa. Kwa hiyo umeme upo. Ila haufiki wa kutosha kwenye stata. Ndiyo maana injini inazunguka kwa uvivu."

"Sasa unaishia wapi?" Zdravka aliuliza.

"Swali zuri. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya mmoja, na lazima upate njia ya kurudi. Hapa unarudi kupitia chuma cha injini, kisha waya huu mweusi, mpaka kwenye bodi, ndipo ufike betri. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, betri mpya itakusaidia nini?"

Spas aliitazama betri yake mpya.

"Lakini mchana linawaka!" Zdravka alisema.

"Mchana injini ina joto. Oili ni nyepesi, injini inazunguka kwa nguvu kidogo. Asubuhi oili ni nzito, na stata inataka umeme mwingi. Kasoro inajionyesha hapo. Nyaya za kubustia, zile za kuazima umeme wa gari jingine, mnazo?"

Spas alizileta mbio. Krastina alichukua ule mweusi tu. Upande mmoja aliubana kwenye kichwa cha hasi cha betri. Upande wa pili aliubana kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni.

"Nimeupa umeme njia nyingine ya kurudi, kwa kujaribu tu. Harufu ya petroli bado ipo, maana mlikanyaga sana mkaizamisha injini kwa petroli. Leo kanyaga pedali mpaka chini, uishikilie hapo, usipampu. Ikiwaka, achia polepole. Piga!"

Injini ilizunguka kwa kasi. Ikakohoa mara moja, mara mbili, ikanguruma.

"Mungu wangu!" Spas alirukaruka kama mtoto. "Imewaka! Imewaka!"

"Nenda na maua yako, Zdravka," Krastina alisema akiufungua ule waya. "Mchana tutaitibu vizuri."

Mchana gari lilipopoa, Krastina alizima kila kitu, akafungua kichwa cha hasi cha betri kwanza. Kisha akawaonyesha waya mweusi wa injini. Mahali ulipofungwa kwenye bodi palikuwa na kutu nene, na nusu ya nyuzi za waya zilikuwa zimekatika.

"Huyu ndiye adui yenu," alisema.

Zdravka alisugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa. Spas alifunga waya mpya na kukaza nati. Vichwa vya betri navyo wakavisafisha kwa brashi na kuvipaka grisi kidogo. Kichwa cha hasi kilirudishwa cha mwisho.

Krastina alikataa malipo. Alikubali sinia la banitsa, andazi la jibini, akala vipande vinne.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri Zdravka alizungusha ufunguo mara moja tu. Saa mbili alikuwa kiwandani. Mpima uzito alitia mkono kwenye gunia, akautoa umelowa umande, akaandika uzito daftarini.

Jumamosi moja gari la mtu mbele yao kwenye foleni lilikataa kuwaka. Wanaume wakalizunguka.

"Betri hiyo!" mmoja alisema.

"Stata!" alisema mwingine. "Nunua stata mpya."

"Hakuna kununua kitu!" Spas alishuka haraka, akavua pete yake ya ndoa. "Washa taa, ndugu yangu. Piga stata, usikanyage mafuta. Tusikilize."

Mtu yule akapiga. Injini ilizunguka kwa kasi, lakini haikuwaka. Taa ziling'aa.

Watu wote walimtazama Spas. Zdravka naye alimtazama.

"Inazunguka vizuri," Spas alisema taratibu. "Basi si betri, wala si stata, wala si ugonjwa wa gari letu. Labda petroli haifiki, au plagi hazitoi cheche. Kuanzia hapo mimi sijui."

Akatoa simu mfukoni.

"Subiri nimpigie shangazi yetu. Yeye anajua."