Mlango wa Sakafuni

Giza lilikuwa linaanza kuingia binti alipopita kwenye daraja la mbao, taulo zimemjaa mikononi, hasira zimemjaa kifuani. Likizo ya chuo gani hii? Nyumba aliyozaliwa, imesimama palepale juu ya nguzo zake majini, leo inaitwa Chumba Namba Nne cha hoteli, na mama yake ndiye anayewatandikia wageni vitanda.

Kilichomkera zaidi ni mlango wa sakafuni. Zamani kila nyumba ya kijiji hiki ilikuwa nao. Mvuvi akirudi huingiza mtumbwi chini ya nyumba, hubisha mara tatu, hupitisha kapu la samaki, ndipo apewe mkono avutwe juu. Mvuvi akipotea baharini, mlango wake hupigiliwa misumari. Mama aliupigilia mwaka ule baba hakurudi. Meneja wa hoteli akaing'oa misumari yote: wageni wanapenda kuchungulia maji.

Alimkuta mama amepiga magoti kando ya mlango ule.

"Mama, wageni wanakaribia kurudi matembezini."

"Shh. Hebu sikiliza."

Harufu ilimfikia kwanza. Tope bichi, na kitu kilichovundia ndani yake.

Ngo... ngo... ngo.

"Baba yako," mama akanong'ona. "Kachelewa tu."

"Miaka tisa, mama? Huko ni kuchelewa?"

Akachungulia dirishani. Maji yalikuwa yamekupwa. Chini ya nyumba ni tope tupu; hata ngalawa ya kuchezea isingeelea.

"Mama watoto..." sauti ikaita kutoka chini, kama ya mtu mwenye maji mdomoni. "Nipe mkono."

Mama alishashika komeo. Binti akamdaka kiganja, akakikandamiza. Midahalo yote aliyoshinda chuoni, na sasa maneno yaliyomjia yalikuwa mawili tu.

"Kapu kwanza," akasema.

Mlango ukagongwa tena.

"Kapu kwanza, baba. Ndivyo ulivyotufundisha."

Chini, kitu kizito kikajiburuta... kikaenda kutulia kwenye nguzo ya nyuma.

Akamvuta mama hadi nyumba yao ya sasa, nchi kavu, kisha akamfuata meneja kuomba nyundo na misumari.

"Dada, msomi mzima unaogopa kaa?" Meneja akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi binti alirudi na nyundo ya kuazima. Wageni wa Namba Nne, mke na mume, walikuwa kibarazani wakinywa chai.

"Mchezo wenu wa jana tumeupenda," mke alisema. "Yule mzee mvuvi anayebisha chini."

"Mlimfungulia?"

"Tulimvuta wote wawili. Mzito yule, na baridi."

"Tena hana maneno mengi," mume akadakia. "Aliuliza tu mkewe siku hizi anakaa wapi."

"Mkamwambiaje?"

"Tulipiga simu mapokezi, wakamwelekeza. Watu wema sana."

Nyundo ikamponyoka.

Alipotoka nyumbani alfajiri, hakutaka kumwamsha mama. Alimwona kajifunika gubigubi, akampita kwa kunyata. Sasa ndipo akakumbuka. Chini ya blanketi lile, pumzi alizosikia zilikuwa mbili.