Kibao Ndani ya Bomba

Shemeji yangu ni mbishi, hubishana hata na kivuli chake. Kazi yake ni kukagua mabomba ya maji ya bahari yanayopoza mitambo. Kila mwezi hutoa kibao cha chuma alichokitundika ndani kupimia jinsi maji yanavyokula chuma, hukwangua kutu na chaza, kisha hukichora tarehe ya siku hiyo kwa msumari na kukirudisha.

Safari moja yeye na msimamizi wake walizima pampu, wakafungua kifuniko cha bomba. Ndani gizani kitu kilikuwa kinakwangua: kwaru, kwaru.

"Funga, fundi. Andika kibao kiko safi," msimamizi akanong'ona.

"Siandiki nisichokiona," shemeji akajibu, akatumbukiza mkono mpaka begani.

Mkwaruzo ukakoma. Kibao kilitoka kinang'aa, hakina chaza hata mmoja. Kilikuwa kimeshachorwa tarehe ya siku ile, na mchoro ulikuwa bado wa moto.